Muuguzi Akihama Jimbo, Namba Yake Ihame Pamoja Naye



Kila wiki munatuandikia juu ya umeme, juu ya maji, juu ya barabara za hapa kwetu Kenya, za Katuba na za Kamalondo. Hayo hatuyasahau. Lakini leo tunalomba tuzungumze juu ya karatasi moja, juu karatasi hiyo inakula kazi ya vijana wenzetu, na ku mwisho ni mugonjwa njo analipa.

Dada mumoja wa kartie yetu alimaliza masomo ya uuguzi, miaka 3 ya graduati. Akajiandikisha ku Ordre des Infirmiers hapa hapa, akalipa, akapata namba yake. Akafanya kazi karibu miaka 2 mu kituo kidogo cha afya, kwa ile pesa yenye mukubwa wa kituo anagawanya mwisho wa mwezi kama kuna kitu kimebaki. Hiyo haiko mushahara, munaijua. Kisha bwana yake akapata kazi ku Kolwezi. Na yeye akatafuta kule, akapata: kituo kimoja kilikubali kumuchukua, na mushahara wa kila mwezi, mara ya kwanza mu maisha yake. Sharti ilikuwa moja tu: alete karatasi ya kuonyesha kama anaruhusiwa kufanya uuguzi mu jimbo ile mupya.

Alifikiri ni jambo ya siku mbili. Ku mulango wa kwanza walimwambia alete cheti kutoka kule alitoka. Akarudi Lubumbashi, kilometa karibu 300. Huku wakamwambia mwenye kusaini hayuko, apite wiki ijayo. Alipokipata, kule wakamwambia diploma yake ni fotokopi, wanataka yenye imehakikishwa. Akarudi tena. Kisha wakamwambia faili ya zamani haitumike, afungue ingine mupya, alipe mupya, sawa mutu mwenye kumaliza masomo jana. Bei? Mumoja alimwambia hivi, mwingine alimwambia vile. Hata siku moja hakuona bei yenye imeandikwa ku ukuta. Miezi 4 ikapita. Kituo hakikumungoja. Walichukua mutu mwingine.

Leo anauzisha unga ku soko ya Kenya pamoja na mama yake. Tulipomuuliza alitujibu: «Kazi najua. Paka karatasi njo ilichelewa ku njia.»

Hatutaje biro, hatutaje mutu. Yeye mwenyewe alitulomba hivyo, juu faili yake ingali ku meza ya mutu. Na sisi tunaona iko sawa. Tukitaja mutu mumoja, watamubadilisha ule mutu na njia itabaki ile ile. Sisi tunataka njia ibadilike.

Jimbo moja, kisha majimbo 4

Wengi kati yetu tulizaliwa mu Katanga moja. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilishasema kama Congo itakuwa na majimbo 25 pamoja na muji wa Kinshasa, lakini neno hilo lilibaki ku karatasi mpaka 2015. Mwaka ule Katanga ilikatwa vipande 4: Haut-Katanga yenye muji mukubwa wake ni Lubumbashi, Lualaba ya Kolwezi, Haut-Lomami ya Kamina, na Tanganyika ya Kalemie.

Muuguzi wa Lubumbashi mwenye alienda Kolwezi mu 2014 alikuwa amehama muji. Mwenye anaenda leo amehama jimbo. Barabara ni ile ile, unapita Likasi, unapita Fungurume, unafika. Wagonjwa ni wale wale: malaria ya mutoto, mama mwenye kuzaa usiku, mutu wa shimo mwenye kifua kinamuuma. Dawa ni zile zile. Kitu kimoja tu kimeongezeka ku njia: mupaka wenye hauonekane.

Wazee wetu wa Gécamines wanacheka wakitusikia. Wanakumbuka Groupe Sud ya Lubumbashi, Groupe Centre ya Likasi, Groupe Ouest ya Kolwezi. Kampani ilikuwa na lopitali zake mu miji hiyo yote. Wanatuelezea kama mutu akihamishwa alipanda na barua moja, faili ikatembea yenyewe kutoka biro moja kwenda ingine. Hatulilie zamani, juu zamani ilikuwa na maumivu yake. Tunasema paka hivi: kitu chenye kampani moja iliweza kufanya bila kompyuta na bila telefone ya mukono, serikali haiwezi kushindwa nacho leo.

Tena kuna jambo lingine la kujua. Waganga wa Congo wako na Ordre yao tangu 1968. Wauguzi waliingoja yao mpaka tarehe 15 Julai 2016, siku yenye sheria namba 16/015 ilitoka. Miaka 48! Kwa hiyo majimbo mapya na Ordre mupya vilizaliwa karibu wakati mumoja. Majimbo yalianza kutafuta biro, viti na watu. Ordre nayo ilianza kutafuta biro, viti na watu. Katikati ya vyote viwili, muuguzi mwenye kuhama alisahauliwa.

Karatasi 3 zenye watu wanachanganya

Tunaandika hii kwa ajili ya wenzetu wenye wanaanza, juu tuliona wengi wanapotea hapa.

Karatasi ya kwanza ni diploma. Mwenye kutoka ku ITM anapata A2. Mwenye kutoka ku ISTM anapata A1, ni kusema graduati, ao A0, ni kusema lisansi. Na sasa masomo ya juu yanaingia mu LMD, majina yatabadilika tena. Diploma inasema: mutu huyu alisoma.

Karatasi ya pili ni namba ya Ordre, kuandikwa mu tablo ya wauguzi. Hiyo inasema: mutu huyu anaruhusiwa kugusa mugonjwa, na akikosea kuna mahali pa kumushitaki.

Karatasi ya tatu ni matrikule. Hiyo inasema: mutu huyu ni mutumishi wa serikali. Munajua wenyewe ni wangapi wanafanya kazi miaka na miaka mu vituo vya serikali bila matrikule, wakingoja majina yao yatoke ku liste.

Ordre haitoe kazi. Matrikule haitoe ruhusa ya kuuguza. Diploma peke yake haitoe vyote viwili. Mutu wa biro akikwambia «leta karatasi», muulize kwa heshima: ni ipi kati ya hizo 3, na inalombwa na sheria gani? Swali hilo haliko matusi. Ni haki yako.

Sasa tuangalie kitu gani kinabadilika muuguzi akitoka Lubumbashi kwenda Kolwezi. Diploma haibadilike, juu ilitolewa kwa jina ya Jamhuri, haiko diploma ya Haut-Katanga. Ruhusa nayo haipashwe kubadilika, juu sheria ya 2016 ni ya inchi nzima, na Ordre ni moja yenye baraza la taifa na mabaraza ya majimbo. Chenye kinabadilika ni adrese: baraza gani la jimbo linamuangalia, na mugonjwa wa kule atapeleka wapi malalamiko. Kubadilisha adrese ni kazi ya barua moja kati ya biro mbili. Haiko kazi ya kuanza maisha upya.

Kuna mahali jimbo lina neno la kusema, tunakubali. Katiba, ku kipengele 204, inaipa jimbo kazi ya kupanga watumishi wa afya mu vituo vyake. Ni vizuri: Division Provinciale de la Santé inapashwa kujua nani anafanya kazi wapi. Lakini kupanga mutumishi wa serikali ni jambo moja. Kukubali kama mutu ni muuguzi ni jambo lingine. Ukichanganya hayo mawili, unampa mutu wa jimbo nguvu ya kufuta kwa mukono wake ile yenye taifa limetoa.

Hatupigane na Ordre

Wengine watasema: munaona, vijana wanataka kila mutu aingie bila kuangaliwa. Hapana. Sisi ni watoto wa Kenya, tunajua hatari iko wapi.

Nani kati yetu hajapita mbele ya kile chumba kimoja chenye musalaba mwekundu ku mulango, kitanda kimoja ndani, serumu imetundikwa ku musumari, na mutu mwenye kuvaa blusi nyeupe yenye hakuna anayejua alisomea wapi? Nani hana ndugu mwenye alidungwa sindano na mutu mwenye alijifunza kwa kuangalia tu? Ordre iliundwa juu ya hiyo. Tablo ya wauguzi ni ukuta wa mugonjwa. Tunataka ukuta huo usimame, tena usimame muzuri.

Lakini angalieni vile mambo yanaenda. Mutu wa bandia hapange foleni. Hana sababu ya kupanga, juu halombe kitu ku biro yoyote. Anafungua chumba chake, anaweka kitanda, anaanza. Mwenye diploma ya kweli na namba ya kweli njo anasimama ku jua, njo anarudi wiki ijayo, njo anatumika miezi bila kuwa mu tablo ya mahali anapoishi. Mulango umekuwa mugumu kwa mwenye haki na mwepesi kwa mwongo.

Na matunda yake tunayaona. Mumoja anachoka, anafanya kazi kwa kujificha, bila namba ya kule. Siku kitu kikitokea, mugonjwa hana mahali pa kushitaki, na muuguzi hana mutu wa kumutetea. Mwingine anatoa pesa chini ya meza, ile yenye watu wanaita madeso ya bana, na siku ya pili anaanza kumudai mugonjwa irudishwe. Mwingine anaacha kabisa: anaendesha wewa, anauza vosha za telefone, ao anauzisha unga. Ordre nayo inapoteza, juu tablo yenye haifuate watu haiko tablo tena, ni liste ya majina ya zamani.

Mu vijiji ni mubaya zaidi. Ku Kamina na ku Kalemie, mu zoni za afya za mbali, ni muuguzi njo mukubwa wa kituo. Hakuna munganga karibu. Yeye njo anapokea, anapima, anazalisha, anafunga kidonda. Kijana wa Lubumbashi mwenye angekubali kwenda kule anahesabu: nauli, hoteli, fotokopi, siku za kungoja. Anabaki nyumbani bila kazi, na kituo kinabaki bila mutu. Inchi moja iko na wauguzi wenye kukaa bure na wagonjwa wenye kukosa muuguzi, na karatasi imesimama katikati.

Vile wengine wanafanya

Watu wa kule Kenya ingine, ile ya Nairobi, nao waligawanya inchi yao. Katiba yao ya 2010 iliunda kaunti 47, na kutoka 2013 kazi kubwa ya afya ilipelekwa ku kaunti hizo. Kaunti inaajiri, kaunti inalipa. Lakini leseni ya muuguzi inabaki mukononi mwa baraza moja la taifa. Muuguzi akitoka Kisumu kwenda Mombasa, anatafuta kazi kwa mukubwa mupya. Uuguzi wake hauanze tena. Kenya yao ilitenga mambo mawili yenye sisi tunachanganya.

Marekani ni mufano mugumu zaidi, juu kule kila jimbo linatoa leseni yake. Kwa miaka mingi muuguzi mwenye kuvuka mupaka wa jimbo alipashwa kulomba upya. Kutoka 2000 majimbo yalianza kufanya mapatano: leseni yenye imetolewa mu jimbo moja la mapatano inatumika mu majimbo yote ya mapatano. Leo yako zaidi ya 40. California ingali nje, kwa hiyo hata kule haijaisha. Muuguzi akihamisha makao yake kabisa kutoka jimbo moja la mapatano kwenda lingine, ana siku 60 za kulomba leseni ya makao mapya, na wakati huo anaendelea na kazi. Tena jimbo jipya linaangalia lenyewe, mu liste ya kompyuta, kama mutu huyu ni muuguzi na kama aliadhibiwa siku moja. Halimutume muuguzi akuwe posta.

Hapo njo fundisho. Sisi hatuna hata ugumu wa Marekani: sheria yetu ni moja, Ordre ni moja. Wao walikuwa na nyumba nyingi, wakajenga mulango kati yao. Sisi tuko na nyumba moja, na tunajenga ukuta mu saloni.

Na tukumbuke kama Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mu 2022. Mapatano ya soko la pamoja ya jumuiya hiyo yanasema inchi zitambue diploma na vyeti vya kazi vya wenzao. Wahasibu, wachoraji wa majengo, maenjinia na waganga wa nyama wa inchi zile walishaweka saini kati yao. Siku wauguzi nao watakaa ku meza ile, swali la kwanza litakuwa: tablo yenu iko wapi? Tutajibu nini, kama jina la mutu haliwezi kutoka Lubumbashi na kufika Kolwezi? Hata leo, dada mwenye kufikiri kuvuka Kasumbalesa kwenda kutumika Zambia, biro yoyote ya kule itaanza kwa kumuuliza: kule unatoka, wanakujua? Karatasi yenye haitembee mu inchi haitavuka mupaka.

Neno lenye tunaogopa kusema

Kuna jambo lingine, na tunalisema kwa sauti ya chini lakini tunalisema. Ku milango fulani, mbele ya kuangalia diploma, wanaangalia jina. «Uko wa wapi? Baba yako ni wa jimbo gani?» Kutoka 2015 swali hilo limepata nguvu mupya. Kila jimbo na watoto wake, wanasema.

Wazazi wetu wanajua swali hilo linaishia wapi. Mu 1992 na 1993 waliona watu wakifukuzwa ku Likasi na ku Kolwezi juu ya asili ya babu zao. Familia nzima zililala ku gare zikingoja treni ya kwenda Kasai, kwenye wengi wa watoto hawajawahi kufika. Kati ya wale waliofukuzwa kulikuwa na walimu, na wauguzi pia. Wagonjwa wao walibaki na nani?

Hatuseme kama mutu wa biro leo anataka kurudisha siku zile. Tunasema kama karatasi yenye haina bei ya wazi, haina siku ya kuisha, na haina sababu ya kuandikwa, ni mahali pazuri pa kuficha ukabila. Mutu hawezi kukwambia «sikutaki juu ya kabila». Anakwambia «rudi wiki ijayo». Katiba, ku kipengele 13, inakataza kumubagua Mukongomani juu ya kabila lake, na hata juu ya mahali anapoishi. Kipengele 30 kinampa haki ya kutembea na kukaa popote mu inchi. Kipengele 36 kinasema kazi ni haki na ni wajibu mutakatifu. Wajibu mutakatifu, wandugu! Tunalomba tu waturuhusu tuutimize.

Na sisi wenyewe

Hatuwezi kunyooshea wengine kidole na kuficha mukono wetu. Kati yetu kuna wenye walimaliza masomo miaka mingi na hawajaenda hata siku moja kujiandikisha ku Ordre, juu «nitaenda nikipata kazi». Kuna wenye walilipa bila kulomba karatasi ya malipo, na leo hawana ushuhuda. Kuna wenye walitafuta njia ya mukato, wakampa pesa mutu wa kati, na mutu wa kati akapotea na diploma yao. Kuna wenye, tangu walipoingia kwa mulango wa nyuma, wanasema mulango wa mbele uko sawa.

Sisi wenye kuandika hapa tuko na diploma ku sanduku na hatuna kazi. Wengi wetu hatuko wauguzi. Lakini tunajua vile siku inaenda ukiamuka asubuhi na kuvaa vizuri kwa kwenda kukaa ku benchi ya biro. Kama leo ni namba ya muuguzi, kesho ni ya mwalimu, kesho kutwa ni ya enjinia. Njo maana tunasimama pamoja nao.

Vitu 5 vyenye tunalomba

Tunalomba baraza la taifa la Ordre, mabaraza ya majimbo, Wizara ya Afya na wakubwa wa majimbo 4 ya Katanga ya zamani wakae pamoja na wakubali mambo haya.

1. Namba moja kwa maisha yote. Muuguzi akishaandikwa mara moja, namba yake itumike mu inchi nzima. Akihama, abadilishe adrese, asibadilishe namba.

2. Biro iandikie biro. Jimbo lenye kumupokea muuguzi lilombe lenyewe habari zake kwa jimbo lenye alitoka. Muuguzi asitumwe tena kilometa 300 na bahasha mukononi.

3. Bei ku ukuta. Kila malipo yaandikwe ku mulango, yalipwe ku banki ao kwa telefone, na karatasi ya malipo itoke. Kuhamisha jina kusilipwe sawa kujiandikisha mara ya kwanza.

4. Siku zenye kuhesabiwa. Jibu litoke mu siku 30. Wakati wa kungoja, muuguzi apewe karatasi ya muda yenye kumuruhusu kutumika. Wakikatalia, waandike sababu na wasaini.

5. Tablo mbele ya macho ya watu. Liste ya wauguzi wa kila zoni ya afya ibandikwe ku biro ya zoni na ku komini, na iwekwe ku intaneti. Mama wa Kenya aweze kujua kama mutu mwenye kumudunga mutoto wake ni muuguzi wa kweli.

Hakuna hata moja yenye inalomba jengo mupya. Hakuna yenye inalomba pesa ya wafadhili. Inalomba kitabu, kompyuta chache, na mapenzi ya kutumika.

Sasa tufanye nini?

Katiba, ku kipengele 27, inampa kila Mukongomani haki ya kuandikia mukubwa wa serikali petisio, peke yake ao pamoja na wenzake, na inamulazimisha mukubwa yule kujibu mu miezi 3. Tutatumia kipengele hicho. Petisio yetu itaandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili mama wa soko naye ajue anatia saini ku nini.

Wauguzi wenye mulipita mu njia hii, tuandikieni. Tuambieni tarehe, siku ngapi mulingoja, pesa ngapi mulitoa, karatasi gani mulilombwa. Jina lenu halitatoka kwetu. Mwenye angali mu njia, afanye hivi: kila barua itengenezwe mara mbili, na nakala moja ipigwe muhuri ya kupokelewa, abaki nayo. Asilipe kitu bila karatasi. Wakimwambia «rudi», aandike mu kitabu siku, saa, na maneno yenye walimwambia. Asitukane, asipige kelele. Kitabu kidogo chenye tarehe kinaogopesha kuliko mayowe.

Na wewe mwenye hauko muuguzi, usipite tu. Siku mama yako atapandishwa kitanda usiku, umeme umekatika, utaona mutu mumoja amesimama pale na tochi ya telefone mu mukono. Utataka mutu yule akuwe amesoma, akuwe anajulikana, na akuwe hapo. Vitu hivyo 3 njo tunapigania.

Dada yetu angali ku soko. Anasema kama njia ikifunguka atapanda basi ya kwanza ya Kolwezi, blusi yake iko imepigwa pasi. Tusiiache ikae mpaka ikuwe ya rangi ya vumbi.

Tunasimama bila fimbo na bila woga.

Imeandikwa ku Kenya, Lubumbashi.